Mchele wa sikukuu hautoshi

Kila Idi na kila Krismasi, magari hupanga foleni kwenye geti la makao ya watoto. Wafanyakazi wa kampuni hushusha mchele, ndoo za mafuta ya kupikia, sabuni za miche na katoni za juisi. Watoto huimba wimbo waliofundishwa kwa ajili ya wageni, picha hupigwa, bosi husema maneno mawili matatu, na kabla ya magharibi msafara umeshaondoka. Hatuna ugomvi na mchele. Unaliwa, na mara nyingi ndio unaovusha mwezi. Tunachouliza ni hiki: kati ya watu wazima wote wale wenye kazi, nyumba na chumba cha wageni kinacholalwa mara mbili kwa mwaka, wangapi wanajua kuwa sheria inawaruhusu kumpokea mmoja wa watoto wale akaishi kwao?

Utaratibu huo unaitwa malezi ya kambo. Umo katika Sheria ya Mtoto ya Tanzania Bara, Na. 21 ya mwaka 2009, na kanuni zake zilitungwa mwaka 2012. Zanzibar ina sheria yake, Na. 6 ya mwaka 2011. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule sheria ya Bara ilipopitishwa ameshafika umri wa kidato cha nne, na bado ukiuliza ndani ya daladala malezi ya kambo ni nini, utasimuliwa visa vya mke wa baba na watoto waliokuta sufuria tupu.

Basi tuseme wazi. Mlezi wa kambo, kwa maana ya sheria, ni mtu mzima asiye mzazi wa mtoto, mwenye mwenendo mwema, aliyejitolea kumtunza, na ambaye Ustawi wa Jamii wamemkagua wakamkubali. Mtoto hukaa kwake kwa muda: wiki chache, miezi, pengine miaka. Jina lake halibadiliki wala ukoo wake haubadiliki. Mama akitoka hospitali au gerezani, au shangazi akipatikana Sumbawanga na akaonekana anaweza, mtoto anarudi kwao. Kuasili ni jambo jingine kabisa. Hiyo ni amri ya Mahakama Kuu, na inamfanya mtoto awe wako moja kwa moja. Wanandoa wanaofika ofisi za Ustawi kwa kawaida wana kiu ya kuasili, tena kichanga. Ni haki yao kutamani. Lakini mtoto wa miaka tisa ambaye mama yake ni mgonjwa hatafuti mama mpya. Anatafuta pa kulala, pa kwenda shule, na mtu mzima mmoja wa kujua kama leo amekula, mpaka mama apone.

Kwa Waislamu jambo hili halina ugeni. Kumlea yatima bila kumvua nasaba yake ndiyo kafala, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unaitaja kwa jina katika kifungu cha 20, sambamba na malezi ya kambo. Kenya imeiingiza katika Sheria yake ya Watoto ya mwaka 2022. Shehe anayekataza kuasili kwa sababu ya nasaba na mirathi hana sababu ya kukataza malezi ya kambo. Mzee wa ukoo wa Kilimanjaro anayehofia kihamba, yaani shamba la ukoo, kugawiwa mgeni hana sababu pia.

Watakuwapo watakaosema kwamba Mwafrika halei kwa fomu. Ni kweli kwamba katika nchi hii kukulia kwa asiye mzazi wako ni jambo la kawaida mno. Wengi wanaosoma ukurasa huu walimaliza shule wakiwa kwa mjomba, kwa kaka mkubwa au kwa bibi. Mkoa wa Kagera ulibeba mzigo huo kuliko kwingine. Vita na Uganda vya 1978 na 1979 vilipita huko, kisha mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini wakabainika huko huko. Miaka iliyofuata, bibi aliyetarajia kutunzwa na wanawe uzeeni aliwazika wanawe, akabaki na wajukuu na shamba la migomba. Hakuna aliyemjazisha fomu. Hesabu za wakati ule zilionyesha kwamba kumweka mtoto mmoja kwenye makao mkoani humo kuligharimu zaidi ya dola 1,000 za Marekani kwa mwaka, karibu mara sita ya gharama ya kumsaidia akiwa ndani ya familia. Bibi yule aliwaokolea serikali na wafadhili fedha nyingi, na hawakumrudishia hata kiberiti.

Ila desturi ina tundu, na watoto wanatumbukia humo. Ndugu wametawanyika, nyumba ya mjini ni chumba na sebule, na mjomba mwenyewe ana deni la kausha damu. Zaidi ya hapo, malezi yasiyo na jicho la nje humwacha mtoto mikononi mwa yeyote. Binti wa miaka 12 analetwa Dar es Salaam kutoka kijijini ati kusomeshwa na shangazi. Baada ya mwaka ndiye anayeamka saa kumi alfajiri kuchota maji, ndiye anayembeba mtoto wa shangazi mgongoni, na ndiye anayelala jikoni. Habari ya shule haizungumzwi tena. Sheria inasema umri wa chini wa kufanya kazi ni miaka 14, tena kazi nyepesi. Nani atajua, ikiwa hakuna mtu mwenye wajibu wa kugonga mlango ule?

Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa sababu hiyo, anayeona ukaguzi wa Ustawi ni usumbufu au dharau kwa heshima yake hatufai. Tunasema hivyo bila kumung'unya. Mtu anayeukasirikia ukaguzi kabla mtoto hajafika, mtoto akishafika ataukasirikia zaidi.

Na ukaguzi wenyewe si wa kutisha. Unaanza kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako, na uamuzi uko mikononi mwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii. Afisa anakuja nyumbani. Anaangalia mtoto atalala wapi, kama kuna chandarua, choo kiko umbali gani na kinafungwa kwa ndani au hapana. Anauliza kipato chako kinatoka wapi. Anaongea na mwenzi wako bila wewe kuwepo, kisha na watoto wako wa kuzaa bila nyinyi wote wawili kuwepo, na hapo ndipo mengi hujulikana, maana mtoto wa miaka minane hajui kuficha kwamba baba akilewa watu hulala kwa jirani. Anauliza kwa mwenyekiti wa mtaa. Akiwa mzuri wa kazi yake, atauliza pia kwa mama mwenye genge hapo kona, ambaye anajua habari za nyumba yako kuliko mwenyekiti. Hatafuti vigae sakafuni. Nyumba ya mabati yenye amani inafaulu pale jumba la ghorofa linapofeli.

Baada ya hapo kuna jambo ambalo waandishi wa matangazo ya kuhamasisha hupenda kulifunika. Mtoto atakayekuja kwako hatakuja akicheka. Atakuwa ameshahamishwa mara kadhaa, ameshaahidiwa na watu wazima mambo ambayo hayakutokea, na hana sababu yoyote ya kukuamini wewe. Wiki ya kwanza pengine atakuwa na adabu iliyopitiliza: shikamoo kila unapopita, sahani inaoshwa kabla hujamaliza kula. Usifurahi mapema. Huyo ni mtoto anayechunga asifukuzwe. Siku unapogeuza godoro ulianike juani utakuta vipande vya chapati vilivyokauka, ndizi iliyooza, pengine tonge la ugali kwenye mfuko wa nailoni. Aliyewahi kulala na njaa hujiwekea akiba, hata kama kabati lako limejaa. Ukimfokea, atatafuta mahali pengine pa kuficha. Wanaoijua kazi hii humpa mtoto kopo lake lenye kifuniko, wakamwambia humo atakuta karanga au mkate kila siku, wala asiombe. Ipo siku ataliacha kopo likiwa limejaa, na hiyo ndiyo ripoti ya maendeleo ambayo hakuna afisa atakayeiandika.

Kisha atakujaribu. Ataiba shilingi elfu mbili mahali ambapo lazima utaona. Atakojoa kitandani akiwa na miaka kumi na moja. Atakwambia wewe si mama yangu, na atakuwa amesema kweli. Fimbo, ambayo wengi wetu tulikuzwa nayo na tunaitetea kwenye vijiwe, hapa haina kazi. Mtoto huyu ameshapigwa na mabingwa. Anachongojea kuona ni kama utamrudisha.

Ndiyo maana tunasema mafunzo kabla ya kukabidhiwa mtoto ni ya lazima, na yawe mafunzo ya kweli, wala si semina ya nusu siku yenye soda na posho ya nauli. Watu wenye moyo mwema wasioandaliwa hurudisha watoto, na mtoto aliyerudishwa huwa mgumu kuliko alivyokuwa kabla hajachukuliwa. Kulea mimba si kazi, walisema wahenga, kazi ni kulea mwana. Hawakutaja mwana aliyefika kwako akiwa tayari ana miaka kumi na historia yake.

Kwa nini basi kuhangaika na haya yote, wakati makao yapo, yana vitanda na walezi wa zamu? Jibu lilipatikana Romania. Utawala wa Ceaușescu ulipoanguka Desemba 1989, dunia ilikuta watoto zaidi ya 100,000 kwenye taasisi za serikali. Miaka kama kumi baadaye, watafiti wa Marekani wakiongozwa na Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah waliwachukua watoto 136 waliokuwa kwenye taasisi za mji wa Bucharest, wote wakiwa wadogo wa chini ya miaka mitatu. Wakapiga kura. Nusu walikwenda kwa familia za walezi, nusu wakaendelea na utaratibu wa kawaida wa taasisi. Wakawafuatilia mwaka hadi mwaka. Waliokwenda kwenye familia waliwashinda wenzao kwa akili, kwa ukuaji wa mwili na kwa uwezo wa kushikamana na mtu, na waliohamishwa kabla ya miaka miwili walinufaika zaidi. Taasisi hazikuwa zikiwanyima chakula. Walichokosa ni mtu yule yule, asubuhi na usiku. Mlezi wa zamu, hata awe malaika, saa kumi na mbili jioni anakwenda kwa watoto wake.

Hapa kwetu ugonjwa huo wa walezi wasiodumu una sura yake. Arusha na Moshi kuna vijana kutoka Ulaya na Marekani wanaokuja kujitolea kwenye makao kwa wiki mbili au tatu, katikati ya safari ya mlimani na ya mbugani. Wana nia njema na wanacheza na watoto vizuri kweli kweli. Kisha wanaondoka, wanakuja wengine. Mtoto wa miaka minne anayemrukia mapajani mgeni yeyote anayeingia getini husifiwa kuwa ni mchangamfu. Mwenye kujua malezi akimwona mtoto huyo anashika kichwa. Makao yanayoishi kwa fedha za wageni wa namna hiyo hayana haraka ya kuona watoto wakipungua, na hilo wenye makao wanalijua kuliko sisi.

Wala wote waliomo si yatima, hata kama kibao cha nje kinasema hivyo. Tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kwamba watoto wengi walioko kwenye makao wana angalau mzazi mmoja aliye hai. Wamefikishwa pale na umaskini, ugonjwa, talaka, ulemavu, au ahadi ya shule nzuri. Kwa hiyo kabla ya kutafuta mlezi wa kambo, afisa anapaswa kuuliza kama mama aliyeko Kongwa angeweza kumlea mwanawe kwa mtaji wa magunia mawili ya mahindi. Mara nyingine jibu ni ndiyo, na hapo kazi yetu imekwisha.

Majirani wametutangulia. Rwanda, baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, ilikuwa na makumi ya maelfu ya watoto waliotengana na wazazi wao au waliobaki peke yao, na familia nyingi zikawapokea bila kungoja sheria. Mwaka 2012 serikali ikaamua kwamba makao hayatakuwa tena jibu la kawaida. Mpango wake, Tubarerere mu Muryango (tuwalee katika familia), umewatoa watoto wengi kwenye taasisi na kuwarudisha kwao au kuwapeleka kwa walezi waliofunzwa, wanaoitwa Malayika Murinzi, yaani malaika walinzi. Kilichotuvutia ni namna walivyojipanga chini kabisa. Kila kijiji kina watu wawili wa kujitolea, mwanamume na mwanamke, marafiki wa familia. Nchi nzima ni karibu 30,000. Mtoto akitelekezwa kijijini, kuna watu wawili wenye majina ambao ni kazi yao kujua. Kenya nayo ilisimamisha usajili wa makao mapya mwaka 2017, na sasa ina mkakati wa miaka kumi, 2022 hadi 2032, wa kuhamisha watoto kutoka kwenye taasisi kwenda kwenye familia. Sisi hatukosi mifano ndani ya mipaka yetu: katika kambi ya Nyarugusu, Kigoma, wakimbizi wa Kongo na Burundi ambao wenyewe wanakula kwa mgao wamekuwa wakiwapokea watoto waliovuka mpaka bila wazazi.

Tanzania inayo mifupa ya mfumo kama huo. Zipo kamati za ulinzi wa wanawake na watoto katika mitaa na vijiji, lipo Dawati la Jinsia na Watoto kwenye vituo vya polisi, ipo namba 116 inayopigwa bure na mtu yeyote mwenye habari ya mtoto aliye hatarini. Nyama ndiyo haipo. Chukua mtoto wa miaka kumi aliyekutwa saa nane usiku Stendi ya Magufuli, Mbezi, ameshuka kwenye basi la kutoka Mwanza bila tiketi. Polisi wanamchukua. Usiku ule atalala wapi? Sheria inatambua walezi wa kuaminika, yaani familia zilizoandaliwa kumpokea mtoto kwa dharura hata usiku wa manane wakati ndugu wakitafutwa. Wilaya yenye orodha ya familia hizo, yenye namba za simu zinazopokelewa, itampeleka kitandani. Wilaya isiyo na orodha itamlaza kwenye benchi la kaunta, na asubuhi atakuwa ameshatoroka kurudi stendi.

Kifungu cha 94 cha Sheria ya Mtoto kinazipa serikali za mitaa wajibu wa kulinda ustawi wa watoto walioko katika maeneo yao. Wajibu bila mafuta ya pikipiki ni maneno. Afisa ustawi mmoja wa kata anashughulikia ndoa zinazovunjika, wazee, watu wenye ulemavu, waathirika wa mafuriko na kesi za matunzo mahakamani, kisha anatarajiwa kumtembelea kila mtoto aliyepelekwa kwa mlezi. Kata nyingine haina hata huyo mmoja. Madiwani hupenda bajeti yenye kuta na mabati kwa sababu inazinduliwa kwa kukata utepe. Ziara ya afisa kwa mtoto haina utepe.

Na tusijidanganye kuhusu fedha. Uingereza humlipa mlezi wa kambo posho ya kila wiki kwa ajili ya mtoto. Hapa kwetu mlezi anatarajiwa kuwa na kipato chake, na tunaona sababu: posho ikiwa kubwa, watajitokeza wanaotafuta posho. Hata hivyo, kumfungia mlango mwalimu wa shule ya msingi au mama lishe mwenye moyo na uwezo wa kulea, kwa sababu tu sare na daftari za mtoto wa pili zitamwelemea, ni hasara. Elimu bila ada haijumuishi sare, viatu wala nauli. Kenya iliona hilo, ikaanzisha ruzuku kwa kaya zinazolea yatima na watoto walio katika mazingira magumu, ambayo ilikuja kufikia shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Sisi tunao mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini. Bibi anayelea wajukuu na mlezi aliyeidhinishwa mwenye kipato cha chini wangeweza kuhesabiwa humo bila kuunda idara mpya.

Zipo pia karaha ndogo ndogo zisizohitaji fedha, ila barua moja kutoka juu. Mlezi asizungushwe ofisi tatu kuuliza kama mtoto huyu anaweza kuingizwa kwenye bima ya afya ya mwajiri wake. Mtoto aliyeokotwa apate cheti cha kuzaliwa kabla ya kufika darasa la saba. Mwalimu mkuu aijue barua ya Ustawi anapoiona, asimwambie mlezi alete mzazi halisi.

Tumewasema watoto, vijana je? Mvulana wa miaka 15 ndiye asiyetakiwa na mtu. Wenye nyumba wanamwogopa: atavuta bangi, atawaharibu binti zetu, ataleta marafiki. Kwenye makao anahesabu siku, maana akitimiza miaka 18 sheria haimwiti tena mtoto, na mara nyingi huondoka na begi na cheti cha kidato cha nne. Hana mahali pa kurudi kwenye msiba, kwenye sikukuu, wala siku ya kupeleka mahari. Kijana huyu anahitaji familia kwa namna tofauti na kichanga. Anahitaji mtu wa kumfundisha kupanga chumba, kufungua akaunti, kuongea na fundi mkuu gereji anakojifunza kazi, na wa kumwambia Jumapili njoo tule. Wanaofaa kwa kazi hii tunawaona kila siku: walimu wastaafu, wajane ambao watoto wao wameolewa, mafundi wenye karakana nyumbani. Hawajawahi kuombwa. Wanadhani kulea wameshamaliza.

Kwa wenye makao, hasa ya taasisi za dini ambazo zilipokea watoto wakati serikali haikuwa na pa kuwapeleka, hatusemi fungeni kesho. Makao mazuri yana vitu ambavyo wilaya nyingi hazina: gari, muuguzi, watu wanaojua watoto. Yanaweza kugeuka vituo vya kuwafunza walezi, kuwatembelea, na kumpokea mtoto kwa siku chache mambo yanapoharibika. Mfadhili aliyezoea kulipia kitanda anaweza kulipia ziara. Itabidi ashawishiwe, maana kitanda kinapigika picha.

Na kwa anayefikiri tangu aya ya tatu kwamba huenda yeye anaweza: jiulize kwanza kama unaweza kumpenda mtoto na bado ukamrudisha kwao. Hilo ndilo linalowashinda wengi. Miaka miwili umemwogesha, umemfundisha kusoma, ameanza kukuita mama bila kuambiwa, kisha siku moja afisa anapiga simu kwamba baba yake mdogo amepatikana Tunduru na ana nia. Utalia, na utamfungashia nguo. Kisha zungumza na watu wa nyumbani kwako, wote, pamoja na dada wa kazi, kwa sababu ndiye atakayekuwa naye mchana. Usimchukue mtoto ili awe mwenza wa mtoto wako wa pekee, au kwa sababu mchungaji amesema utabarikiwa, au kuziba pengo la mtoto uliyemzika. Kama umebaki na sababu nyingine baada ya kuondoa hizo, nenda Ustawi.

Kwenda huko nako kusingepaswa kuwa kazi ya upelelezi. Mkurugenzi wa halmashauri anayesoma maoni haya anaweza kuanza wiki hii na jambo lisilohitaji kikao cha bajeti: abandike kwenye kila ofisi ya kata, kila zahanati na kila kituo cha polisi jina la afisa ustawi wa eneo hilo, namba yake ya simu, siku anazokuwa ofisini, na mstari mmoja unaosema kwamba fomu za malezi ya kambo zinapatikana kwake. Kisha ahakikishe fomu zipo.